Ilipokuwa Bao Moja kwa Moja

Tarehe 5 Novemba, 2023 ilikuwa siku ya Jumapili. Siku hiyo Yanga iliifunga Simba mabao 5 kwa 1 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Habari hii inajulikana hata kwa watu ambao hawajawahi kukaa mbele ya televisheni. Huku kwetu Rungwe, kuanzia Kiwira mpaka Katumba, mashabiki wa Yanga walisalimia kwa kunyoosha vidole vitano. Mashabiki wa Simba walirudi nyumbani kimya, na wengine hawakula.

Mimi ni shabiki wa Simba. Sifichi jambo hilo, wala sioni haya kulisema katika kitabu cha kisomo. Hasira ya siku ile naifahamu. Lakini mwezi mzima baada ya mchezo ule niliwasikiliza watu madukani, kwenye magari na katika madarasa yetu ya jioni. Nilisikia maneno mengi, ila machache sana yalihusu mpira uliochezwa.

Maneno yenyewe yalikuwa ya namna tatu. Wa kwanza walisema mechi imeuzwa. Wa pili walisema kuna dawa ilifukiwa uwanjani. Wa tatu walisema kocha hajui kazi, afukuzwe.

Hao wa pili sitawachelewesha. Kama dawa ingefunga mabao, klabu zetu zisingehangaika kununua wachezaji kutoka Burkina Faso, Zambia na Kongo. Zingeajiri waganga kumi na mmoja na kuwavalisha jezi.

Wale wa kwanza wana hatari zaidi. Ukisema mechi imeuzwa, maana yake kuna mtu uliyemtaja kuwa mwizi. Nani alipokea fedha? Nani alitoa? Nani aliona? Anayesema hivyo hana jibu, lakini jina la mchezaji limekwisha kuharibika. Jambo hili haliishii Dar es Salaam. Limeshuka mpaka katika timu zetu za vijiji. Namjua kijana mmoja, mlinzi hodari, ambaye timu ya kijiji chake ilifungwa mabao manne. Jioni ile akaambiwa amekula fedha za kijiji cha pili. Hakula kitu, hata maji ya kunywa hakupewa. Kijana yule alitundika viatu vyake na mpaka leo hachezi. Kijiji kimepoteza mlinzi, na sababu ya mabao manne haijajulikana.

Sasa tuwatazame wale waliosema kocha hajui. Hawa angalau wanazungumza juu ya mpira.

Kocha wa Simba wakati ule alikuwa Mbrazili, Roberto Oliveira, ambaye watu wengi walimwita Robertinho. Alianza kazi Januari, 2023. Tarehe 16 Aprili, mwaka huohuo, Simba chini yake iliifunga Yanga mabao 2 kwa 0. Tarehe 13 Agosti timu hizo zilikutana tena katika Uwanja wa Mkwakwani, Tanga, kugombea Ngao ya Jamii. Dakika 90 zilikwisha bila bao, na Simba ikashinda kwa mikwaju ya penalti. Ilipofika Novemba, Simba ilikuwa haijapoteza hata mchezo mmoja wa ligi katika msimu ule.

Je, huyu ni kocha asiyejua? Katika Aprili alijua. Katika Agosti alijua. Mtu hawezi kusahau kazi yake yote kati ya Agosti na Novemba. Kwa hiyo kusema "kocha hajui" si jibu. Swali la kuuliza ni hili: timu iliyoweza kuizuia Yanga kwa dakika 90 pale Tanga bila kuruhusu bao, kwa nini iliruhusu mabao matano Dar es Salaam?

Nilipeleka swali hili katika darasa moja la kisomo. Wanakisomo wengi wa darasa lile ni akina mama, na baadhi yao hawapendi mpira kabisa. Niliona ni vizuri hivyo, kwa sababu mtu asiye na timu huona vitu ambavyo sisi wenye timu hatuvioni. Tuliandika ubaoni dakika ambazo mabao yalifungwa.

Dakika ya 3, Kennedy Musonda wa Yanga. Dakika ya 9, Kibu Denis wa Simba. Dakika ya 64, Maxi Nzengeli wa Yanga. Dakika ya 73, Stephane Aziz Ki wa Yanga. Dakika ya 77, Nzengeli tena. Dakika ya 87, Pacome Zouzoua wa Yanga, kwa penalti.

Kisha tukafanya hesabu. Toa 9 katika 64, unapata 55. Toa 64 katika 87, unapata 23. Maana yake, kwa dakika 55 mchezo ulikuwa bao moja kwa moja. Halafu ndani ya dakika 23 mabao manne yakaingia. Mzee mmoja, shabiki wa Simba, ambaye alikuwa amesema kwa sauti kubwa kwamba timu ilikuwa mbovu tangu mwanzo, aliitazama hesabu ile kwa muda mrefu. Akasema, "Kumbe tulikuwa sawa nao karibu saa nzima." Ndivyo ilivyokuwa. Lakini mtu aliyefungwa mabao matano hukumbuka mabao tu, hazikumbuki zile dakika 55.

Mama mmoja ambaye kazi yake ni ndizi na ng'ombe wa maziwa akauliza, "Hawa waliofunga mwishoni, kazi yao ni kukaa mbele?" Nikamjibu kwamba hapana. Musonda, aliyefunga la kwanza, ndiye mshambuliaji wa mbele. Nzengeli, Aziz Ki na Pacome hawasubiri mbele. Huanzia katikati au pembeni na kukimbilia golini kutoka nyuma ya mshambuliaji. Mama akauliza tena, "Basi wakati wanapita, waliokaa katikati upande wa Simba walikuwa wapi?"

Nimesoma na kusikiliza maelezo mengi juu ya mchezo ule, na sijakuta swali zuri kuliko hilo.

Kwa wale ambao hawajui, wachezaji wa katikati huitwa viungo. Jina lao lafaa, maana wanaunga walinzi wa nyuma na washambuliaji wa mbele. Sisi wakulima wa Rungwe tunaweza kuielewa kazi yao vizuri kuliko watu wa tambarare. Mashamba yetu yapo katika miteremko na mvua yetu ni nyingi. Mwenye akili hachimbi mtaro mmoja tu chini kabisa, karibu na nyumba. Huanza kuchimba makinga maji katikati ya mteremko na kupanda majani kwenye kingo zake. Maji yakishuka, yanakutana na kinga la kwanza yanapungua nguvu, yanakutana na la pili yanapungua tena. Yakifika chini yamekuwa maji ya kawaida tu. Lakini makinga ya katikati yakibomoka, maji yote hufika chini kwa mara moja, na nyumba huchukuliwa. Hapo utamlaumu fundi aliyejenga nyumba? Ndivyo tunavyofanya tunapomlaumu mlinda mlango na walinzi wawili wa nyuma kwa mabao manne ya dakika 23. Maji yaliwafikia yakiwa na nguvu zake zote.

Kwa maoni yangu, kipindi cha pili Simba ilicheza kama timu ambayo imekwisha kufungwa, ilhali ilikuwa sare. Viungo na walinzi wa pembeni walikwenda mbele kutafuta bao la ushindi, na waliporudi walirudi kwa kutembea. Baada ya bao la dakika ya 64 walizidi kwenda mbele. Naweza kuelewa kwa nini. Ulikuwa mchezo wa watani, uwanja umejaa, na kila shabiki anataka bao. Lakini kocha yupo pale kwa ajili ya saa kama hiyo. Watu 60,000 wanapopiga kelele "mbele, mbele", yeye ndiye mtu mmoja anayelipwa kusema "subirini". Pale Tanga alisema subirini. Safari hii timu ilifungwa la pili, la tatu likaja dakika tisa baadaye, la nne dakika nne tu baada ya la tatu, na katikati pakabaki wazi vilevile. Hili ni kosa la mbinu na namlaumu kocha kwa hilo. Mbinu maana yake ni mpango wa nani akae wapi, nani aende, nani abaki, na mpango huo ubadilike vipi mambo yakibadilika.

Wapo watakaosema kwamba Yanga ya mwaka ule ilikuwa na wachezaji bora mno, kwamba hakuna mbinu ambayo ingesaidia. Ni kweli ilikuwa timu nzuri. Mwanzoni mwa msimu uleule, mwezi Agosti, ilizifunga KMC na JKT Tanzania mabao matano kila moja. Lakini sisi watu wa Mkoa wa Mbeya tuna jibu letu karibu, wala hatuhitaji kulitafuta Ulaya.

Tarehe 4 Oktoba, 2023, mwezi mmoja tu kabla ya mabao matano, Yanga hiyohiyo ilikwenda Mbarali kucheza na Ihefu. Ihefu haikuwa na fedha za Yanga wala za Simba. Yanga ilitangulia kufunga. Ihefu ikasawazisha, ikaongeza la pili, na mchezo ukaisha 2 kwa 1. Wala haikuwa bahati ya siku moja. Tarehe 29 Novemba, 2022, hapohapo Mbarali, Ihefu iliifunga Yanga 2 kwa 1, na siku ile pia Yanga ndiyo iliyotangulia. Kabla ya mchezo huo Yanga ilikuwa imecheza michezo 49 ya ligi bila kufungwa.

Angalia basi jambo hili. Ihefu ilifungwa bao mapema, ikasawazisha. Simba ilifungwa bao mapema, ikasawazisha. Mpaka hapo safari ni moja. Njia ziliachana ilipokuwa bao moja kwa moja. Ihefu ilijijua kuwa ni ndogo. Mtu anayejijua hutembea kwa tahadhari, akipata riziki yake anaifunga vizuri katika upindo wa nguo. Simba ilijiona kubwa, na ikaona aibu kulinda sare dhidi ya mtani katika mchezo ambao yenyewe ndiyo iliyokuwa mwenyeji. Wazee wetu walisema mwenda pole hajikwai, na sioni kwa nini methali hii iishie barabarani.

Siku mbili baada ya mchezo, tarehe 7 Novemba, Simba iliachana na Robertinho. Mashabiki wengi walishangilia. Walikuwa wamepiga kelele, na kelele yao imesikiwa. Lakini kelele ilikuwa na neno moja tu, "aondoke", na uongozi ukafanya lile neno moja. Hakuna shabiki aliyeuliza nani aliwanunua wachezaji wale, wala kama viungo wetu walikuwa bado na mbio za kuwafuata vijana wa Yanga kwa dakika 90. Maswali hayo yangewagusa wakubwa wa klabu. "Kocha aondoke" halimgusi mtu yeyote isipokuwa kocha.

Je, alipoondoka, mambo yalibadilika? Alikuja Abdelhak Benchikha kutoka Algeria. Tarehe 20 Aprili, 2024, Simba ilikutana na Yanga, ikafungwa 2 kwa 1. Yanga ikatwaa ubingwa. Benchikha akaondoka mwezi huohuo wa Aprili. Akaja Fadlu Davids kutoka Afrika Kusini. Tarehe 8 Agosti, 2024, Simba ikafungwa na Yanga 1 kwa 0. Tarehe 19 Oktoba, 2024, ikafungwa tena 1 kwa 0, safari hii kwa bao la kujifunga. Hesabu inaonyesha vitu viwili. Kwanza, makocha watatu, lakini mshindi ni yuleyule. Pili, matano yakawa mawili, mawili yakawa moja. Ukuta ulianza kujengwa upya, kidogo kidogo. Sipendi kuificha sehemu ya pili ya hesabu kwa sababu tu inapunguza nguvu ya maneno yangu.

Hata hivyo tazama kilichotokea kabla ya msimu wa 2024/25. Safari hii haikubadilishwa kofia tu. Wachezaji wengi wa zamani waliachwa na vijana wakasajiliwa, na kocha akapewa msimu mzima. Msimu ule Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Ilishindwa na RS Berkane ya Moroko, 2 kwa 0 kule Berkane na sare ya 1 kwa 1 Zanzibar, mwezi Mei, 2025. Kufungwa katika fainali kunauma. Lakini baada ya fainali ile watu wa huku kwetu walizungumza juu ya namna timu ilivyocheza, na maneno ya mechi kuuzwa niliyasikia kwa uchache.

Nimetaja Ihefu, na shabiki wa Tukuyu hawezi kusoma habari za timu ndogo bila kukumbuka yake. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala, ilipanda kutoka chini na kuwa bingwa wa Tanzania Bara, ikiwaacha Simba na Yanga nyuma. Wazee walioiona wangali hai na wanaweza kuieleza mpaka chai ikapoa. Timu ile haikudumu. Wachezaji wake kadhaa walichukuliwa na klabu kubwa, na Stars ikashuka daraja. Hapo kocha yeyote, hata angekuwa Mbrazili, angefanya nini? Ihefu nayo imekwisha kuondoka Mbarali. Mwaka 2024 ilihamia Singida na kupewa jina la Singida Black Stars. Ndiyo maana nasema shabiki anayetazama benchi la kocha peke yake huona robo ya habari. Mambo mengine yanayofungisha timu hufanyika ofisini, miezi mingi kabla ya kipenga.

Katika darasa lile sasa tuna daftari. Ikichezwa mechi kubwa, mmoja wa wanakisomo huandika dakika ya kila bao, nani alifunga, mpira ulitokea upande gani, na nani alibadilishwa. Si kazi ngumu, maana maandishi yake hayazidi nusu ukurasa. Yule mzee wa Simba ndiye mwandishi wetu wa kwanza. Mwandiko wake bado ni wa kupanda na kushuka kama barabara ya milimani, lakini dakika zake ni sahihi, na mtu akianza kusema mechi imeuzwa, mzee hufungua daftari na kumwuliza ni dakika ya ngapi.

Siku moja katika Novemba, 2024 waliolitaka daftari lile walikuwa mashabiki wa Yanga. Yanga ilikuwa imefungwa na Azam 1 kwa 0 tarehe 2, kisha tarehe 7 ikafungwa na Tabora United 3 kwa 1. Kocha wa Yanga alikuwa bado Miguel Gamondi, yuleyule aliyekuwa benchini siku ya mabao matano. Wale walionyoosha vidole mwaka mmoja nyuma walikuwa wakisema kocha hana mbinu, aondoke, na wengine wameanza kuitaja dawa. Kabla mwezi haujaisha Gamondi alikwisha kuondolewa. Mzee aliwafungulia ukurasa, akawasomea dakika, naye mama wa ng'ombe wa maziwa akawauliza viungo wao walikuwa wapi.